Mohamed Abdi yupi? Historia fupi ya anwani zinazojimalizia

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hatukitazami mara mbili: yale majina yanayochomoza ukianza kuandika anwani kwenye barua pepe. Unaandika herufi tatu, programu inakumalizia. Raha tupu, mpaka siku inapokumalizia vibaya.

Mimi yalinikuta Mandera mwaka 2015. Shirika moja lilikuwa limeniajiri niwatengenezee programu ya kumbukumbu za shule. Wanaoijua Kenya ya kaskazini mashariki watakumbuka hali ilivyokuwa. Tarehe 22 Novemba 2014 al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakaua watu 28, walimu wakiwemo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wakaua wachimba mawe 36 kwenye machimbo karibu na mji. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi wakaondoka. Waliobaki walisafiri kwa hofu.

Basi jioni moja nikatuma faili yenye majina ya walimu, namba zao za simu na siku watakayosafiri. Ilipaswa iende kwa Mohamed Abdi wa ofisini kwetu. Nikaandika "moh", nikabonyeza Enter, nikatuma, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaona imekwenda kwa Mohamed Abdi mwingine kabisa, muuza matairi ambaye wiki ile nzima tulikuwa tukibishana bei.

Nilimpigia simu huku mikono inatetemeka. Alikuwa Eastleigh, Nairobi, na wala hajaifungua. Akaifuta nikiwa kwenye simu, akaniambia, "Usijali ndugu yangu." Mtu mwema. Lakini safari ilibidi ibadilishwe, maana orodha kama ile ikishatoka mkononi huwezi kuapa iko wapi. Walimu walikaa wiki nzima zaidi wakisubiri kwenda kwao. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile nikaanza kuchimba: haya mambo ya kumaliziana maneno yalianzia wapi? Nilichokikuta kilinishangaza. Mwaka 1971, kwenye kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @. Kompyuta zile ziliendeshwa na TENEX, mfumo uliotengenezwa hapo hapo BBN. Na TENEX ilikuwa na ujanja mmoja: unaandika mwanzo wa amri, unabonyeza kitufe cha Escape, yenyewe inakumalizia. Yaani barua pepe na umaliziaji ni watoto wa nyumba moja!

Lakini angalia tofauti. Kama herufi zako zingeweza kuwa amri hii au ile, TENEX haikuchagua. Ilipiga kengele na kusubiri uongeze herufi. Ilikuwa ikikuuliza: yupi?

Programu za barua pepe zilizokuja baadaye ziliacha kuuliza. Outlook ilitunza anwani ulizowahi kuandika kwenye faili lenye mkia wa .NK2 hadi toleo la 2007. Kuanzia toleo la 2010 orodha hiyo ikahamia ndani ya sanduku la barua lenyewe. Thunderbird hukusanya anwani za watu unaowaandikia na kuziweka kwenye kitabu cha pembeni. Gmail, iliyozinduliwa 2004, nayo huweka kumbukumbu zake. Zote zinakuonyesha orodha, lakini jina la juu linakuwa tayari limechaguliwa, na mara nyingi ni la yule uliyemwandikia zaidi au karibuni. Muuza matairi alistahili kuwa juu. Kompyuta haikukosea hesabu.

Sasa fikiria hesabu hiyo katika mji wa Wasomali. Msomali hana jina la ukoo kama fomu zinavyotaka. Ana jina lake, la baba na la babu. Mohamed, Abdi, Hassan, Ali: yachanganye upate nusu ya mji. Ndiyo maana watu hubandikana majina ya utani, Dheere kwa mrefu, Yare kwa mdogo, Madoobe kwa mweusi, na hakuna anayekasirika.

Kabla ya simu za mkononi, Wasomali wa pande zote za mpaka, na wa kambi za Dadaab zilizoanza 1991, waliwasiliana kwa redio za masafa marefu, wakiziita taar. Unakwenda kwa mwendeshaji, anaita kituo cha mji mwingine, huko mtu anatumwa kumtafuta ndugu yako. Pesa za hawala zilipita njia hiyo hiyo. Mwendeshaji hakumaliza jina kwa kubahatisha. Aliuliza: Mohamed Abdi yupi? Babu yake nani? Ukoo gani? Utani wake je? Asiyejibu hakupewa pesa. Taar ilikuwa na kengele ya TENEX, tena kengele yenye mdomo.

Msidhani ni shida ya Mandera peke yake. Novemba 2014, mfanyakazi wa idara ya uhamiaji ya Australia alituma namba za pasipoti na tarehe za kuzaliwa za viongozi 31 waliokuwa wakienda mkutano wa G20 mjini Brisbane. Zilikwenda kwa waandaaji wa mashindano ya soka ya Kombe la Asia. Sababu? Hakukagua anwani iliyojimalizia.

Tufanye nini basi? Kwenye Outlook, jina baya likijitokeza bonyeza alama ya X kando yake. Kwenye Thunderbird, zima ukusanyaji wa anwani na ufute kitabu kile cha pembeni. Kwenye Gmail, ingia kwenye mipangilio, chagua kuongeza anwani mwenyewe, na washa nafasi ya kughairi kutuma hadi sekunde 30. Mimi nimefanya na jambo la zamani zaidi: kila mtu kwenye kitabu changu nimempa utani. Yupo Mohamed Abdi Matairi na Mohamed Abdi Shule. Na anwani naiandika mwisho kabisa, baada ya barua.

Kwa Wakenya, kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa ofisi inayotunza data saa 72 kumjulisha Kamishna, data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Kutuma kwa mtu asiye sahihi ni kuvuja.

Nami, kwa wenzangu tunaoandika programu: majina mawili yakifanana, tusimchagulie mtu. Tupige kengele.

Haya, nendeni mkasafishe orodha zenu. Tuonane wiki ijayo.