Alumini asilia

Alumini asilia ni metali ya alumini iliyojiunda yenyewe ndani ya mwamba, bila tanuri wala kiwanda. Ni adimu mno, ilhali elementi yenyewe imeenea kila mahali: ni karibu asilimia 8 ya uzito wa ganda la dunia, ikitanguliwa na oksijeni na silikoni tu. Huko Kwamsisi, mkoani Tanga, jina la kata moja wilayani Handeni na nyingine mjini Korogwe, watu huikanyaga kila siku katika udongo mwekundu na wa mfinyanzi. Lakini imo kama kampaundi, kwa sababu alumini huishika oksijeni kwa nguvu kubwa. Punje chache za metali tupu zilizothibitishwa, kama zile za Siberia na volkano ya Tolbachik, zilijitenga pale oksijeni ilipopungua sana.

Je, uadimu huo unaifanya kuwa ghali? Wanaodhani hivyo hutaja mwaka 1884, ncha ya mnara wa Washington ilipotengenezwa kwa alumini, nayo bei yake ikikaribia ya fedha. Hoja hiyo haisimami, kwani ncha ile ilitoka kiwandani. Kilichokuwa adimu ni njia rahisi ya kuizalisha. Mwaka 1886 Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipata njia ya kuitenga kwa umeme, na bei ikaporomoka. Punje asilia huhitajiwa na watafiti na makumbusho, basi.

Thamani ya kweli, kwa mkoa wa Tanga, imo katika kifungo kile kile cha alumini na oksijeni kinachoizuia metali isijitokeze. Rubi na safaya za Kalalani, wilayani Korogwe, na za bonde la Mto Umba ni oksidi ya alumini. Chembe za kromi ndizo huipa rubi wekundu. Kukivunja kifungo hicho ili kupata metali ni gharama: kilo moja hula umeme wa kilowati-saa 13 au zaidi, nayo boksiti (mawe yenye alumini) ya Magamba, Lushoto, haijazaa kiwanda cha kuyeyushia.

Bonge jeupe, jepesi, likiokotwa shambani, lishukiwe kwanza kuwa sufuria iliyoungua. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mafundi wa kusubu hulipata kwa mkaa na mvukuto. Dai la uasilia huanza kusikilizwa pale tu punje inapokutwa imefungwa ndani ya jiwe ambalo halijavunjwa.