Ukinzani wa mikaratusi dhidi ya kutu

Ukinzani wa mikaratusi dhidi ya kutu ni uwezo wa kurithiwa unaoisaidia miti hiyo kuihimili kuvu ya kutu, *Austropuccinia psidii*, inayofunika majani machanga na ncha za matawi kwa vumbi la njano. Kuvu hiyo ilielezwa kwanza kutoka Brazili mwaka 1884, kwenye mpera. Mkaratusi, mgeni kutoka Australia, uliambukizwa baadaye.

Mwaka 2003 watafiti wa Brazili waliripoti Ppr1, jeni ya ukinzani yenye athari kubwa katika *Eucalyptus grandis*. Miche hupimwa kwa kunyunyiziwa spora: iliyo kinzani hubaki safi au hupata vidoa vikavu tu, kisha iliyo bora huzalishwa kwa vipandikizi. Kinga ya jeni moja haiaminiki sana, kwani aina mpya za kuvu huweza kuivuka.

Kutu hiyo ilifika Australia, nyumbani kwa mikaratusi, mwaka 2010.