Pomboo: Maumbile ya Mwili na Ukuaji wa Mtoto

Pomboo ni mnyama wa baharini wa ukoo wa nyangumi, mwenye damu moto, apumuaye kwa mapafu, azaaye mtoto hai na kumlea kwa maziwa. Na ingawa umbo lake la nje limeshabihi samaki, kwa nasaba yuko karibu zaidi na ng'ombe kuliko na jodari amwindaye. Aristotle, mwanahekima wa Kiyunani wa karne ya nne kabla ya Masihi, alikwisha kuandika kwamba kiumbe huyu huvuta pumzi, huzaa na hunyonyesha. Walakini wanazuoni wengi wa Ulaya waliendelea kumhesabu miongoni mwa samaki hata mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Uswidi alipotoa chapa ya kumi ya kitabu chake cha kuainisha viumbe na kumweka pamoja na wanyama wanyonyeshao. Jamaa yake wa karibu kabisa aliye hai barani ni kiboko, na wahenga wa ukoo wake walikuwa wanyama wa miguu minne, walioanza kuingia majini yapata miaka milioni 50 iliyopita katika nchi ambazo leo ni Pakistani na India, ambako mifupa yao imefukuliwa.

Katika pwani yetu yuko hususan yule aitwaye kwa Kilatini Tursiops aduncus, ambaye huonekana Kizimkazi kusini ya Unguja, na kando ya Wasini na Watamu, na ambaye urefu wake aghalabu hauzidi mita 2.7.

Asili ya barani haikufutika mwilini mwake, na aupasuaye mwili huo huiona dhahiri. Pezi la kifuani, ambalo kwa nje ni kipande kimoja kisichokunjika, ndani lina mfupa wa mkono wa juu, mifupa miwili ya kigasha, vifupa vya kifundo na vidole vitano, ambavyo cha pili na cha tatu vimezidishiwa pingili kupita tatu za kidole cha binadamu. Mtulinga hana. Shingo, fupi hata haionekani, ina pingili saba kama shingo ya twiga, mbili za mwanzo zikiwa zimeungana. Palipostahili kuwa na miguu pamebaki vifupa viwili vidogo vya nyonga, visivyoshikana na uti wa mgongo, na ni makosa kuviita vifupa bure, kwa kuwa misuli ya viungo vya uzazi imejishikiza hapo. Pezi la mgongoni na mapana ya mkia hayana mfupa hata mmoja, bali ni kano na nyama ngumu. Na mkia wenyewe hupiga juu na chini, kwa mwendo uleule ukunjao na kukunjua mgongo wa mnyama akimbiaye nchi kavu, ilhali samaki hutikisa mkia wake kushoto na kulia.

Pua yake ni tundu moja lililo utosini, lililofungika daima mpaka pomboo mwenyewe atake kulifungua, kwani kupumua kwake ni kwa hiari, na kwa sababu hiyo hulala nusu ya ubongo huku nusu ya pili ikikesha. Zoloto lake limerefuka likapenya ndani ya njia ya pua, hata hewa na chakula visikutane kooni. Chini ya tundu hilo imo midomo midogo ya nyama itoayo milio. Milio hupita katika uvimbe wa shahamu ulio pajini, ambao huikusanya na kuielekeza mbele, na mwangwi urudipo hupokewa na shahamu iliyojaa ndani ya taya la chini, ukafikishwa kwenye mifupa ya sikio iliyotengwa na fuvu. Sikio hilo husikia hata mitetemo yapata 150,000 kwa sekunde, na la binadamu hukoma kwenye 20,000.

Joto la mwili huhifadhiwa na tabaka nene la shahamu chini ya ngozi. Lakini hifadhi hiyo ingeweza kuwa hatari kwa uzazi: korodani za dume zimo tumboni, na mimba, ambayo yenyewe hutoa joto, imezungukwa na misuli ifanyayo kazi bila kukoma. Dawa yake ni mishipa ichukuayo damu iliyopozwa katika ngozi ya pezi la mgongoni na ya mkia, ikaipitisha karibu na viungo hivyo. Katika maumbile yote ya pomboo sijaona jambo lililotengenezwa kwa hekima kuliko hili.

Mimba huchukua takriban miezi 12, na katika majuma ya mwanzo kiinitete chake hakitofautiani sana na cha mnyama mwingine anyonyeshaye. Matundu ya pua yako mbele, kwenye ncha ya uso, ndipo baadaye yakahamia utosini taratibu. Mkia ni mwembamba, usio na mapana. Na vichipukizi vya viungo ni vinne. Viwili vya nyuma hutokea kama katika juma la nne, kisha karibu na juma la tano huanza kunywea, hata visionekane tena kwa nje. Mwaka 2006 J. G. M. Thewissen na wenzake, waliochunguza viinitete vya pomboo wa madoadoa, walieleza kwamba katika vichipukizi hivyo jeni moja iratibuyo ukuaji wa kiungo haiamki. Mwaka huohuo, huko Taiji nchini Japani, alinaswa pomboo mwenye jozi ya mapezi ya ziada karibu na mkia, mahali pa miguu ya nyuma.

Mtoto huzaliwa mmoja, aghalabu akitanguliza mkia, kiungamwana hukatika chenyewe, naye hupanda juu kuvuta pumzi ya kwanza. Ana urefu wa karibu mita moja. Pezi lake la mgongoni ni laini, limelala kama tanga lililotuliwa. Ubavuni ana mistari hafifu ya mikunjo aliyokaa nayo tumboni, na juu ya mdomo ana nywele chache zitakazopukutika karibuni. Chuchu za mama zimefichika katika mifuo miwili iliyo pande mbili za kinena. Mtoto huzizungushia ulimi wake wenye kingo za tamvua, akapokea maziwa mazito yenye shahamu nyingi bila ya kuyachanganya na maji ya chumvi. Huogelea ubavuni mwa mama, akichukuliwa na mkondo wa mwili wake, na katika mwaka wa kwanza hujitungia mlio wa pekee ambao jamaa zake humtambua kwao.

Kunyonya kwaweza kuendelea miaka mitatu au zaidi, na jike aghalabu hazai tena kabla ya miaka hiyo kupita. Kwa hiyo jike mmoja afaye katika jarife ni hasara isiyolipika upesi. Wavuvi wa Kizimkazi, ambao zamani walimchoma chusa kwa ajili ya chambo cha papa, wameacha desturi hiyo tangu miaka ya 1990, na kwa hilo wanastahili shukrani. Yaliyobaki ni manahodha wachukuao wageni wasimzingire mama mwenye mtoto mchanga, wala wasiwashushe watu majini juu yake, bali wazime mashine wamwache anyonyeshe.