Wanzuki bila asali

Huko Uingereza watu wa mashambani wana desturi ya kuchuma maua ya porini baridi inapokwisha. Huyaloweka kwa maji, sukari na hamira, wakapata mvinyo wa nyumbani. Sisi wa Kahama hatuchumi maua. Kazi hiyo tumemwachia nyuki.

Miyombo huchanua kabla ya mvua za kwanza. Nyuki hukusanya, mrina asali huvuna, na asali ikichanganywa na maji na chachu, ikawekwa mahali penye joto siku chache, huwa wanzuki. Jina lenyewe linajieleza: nzuki kwa Kisukuma ni nyuki.

Kinywaji hiki hakikuletwa na meli. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, aliandika juu ya mizinga iliyotundikwa mitini kila mahali. Palipokuwa na mizinga palikuwa na msitu.

Msitu huo ulikwenda wapi? Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni, chini ya mtaalamu wa mbung'o Charles Swynnerton, iliwahimiza watemi wa Shinyanga watoe watu kufyeka mapori. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe na kueneza malale, hivyo simlaumu mzee aliyeshika shoka. Lakini shoka halikuchagua. Lilimfukuza mbung'o, na nyuki naye akakosa ua. Baadaye yakafuata mashamba ya pamba, mifugo mingi, kuni za kukaushia tumbaku na mkaa wa mijini.

Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa inaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Jambo la busara ni kwamba mradi haukuleta maajabu ya kigeni. Uliwarudisha wananchi kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili majani na miti ipumzike, jambo ambalo Wasukuma walilijua tangu zamani. Visiki vikachipua, kivuli kikarudi, na mizinga ikapata pa kutundikwa.

Hapa kwetu Nyasubi, nikimuuliza mama muuzaji kama wanzuki wake ni wa asali, mara nyingi hucheka. "Asali ya bei gani, mwanangu? Huu ni wa sukari." Simshangai, naye anatafuta ada ya watoto. Ila tujue kwamba tunachokunywa kimebaki na jina la nyuki tu.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Walikuwa na haki ya kuishia hapo, kwa sababu miti ilikuwepo. Sisi hatuna budi kuongeza kwamba nyuki naye hufuata ua, na ua halichanui kwenye gunia la mkaa. Mwenye ngitili asiiuze kwa mchoma mkaa, na viongozi wa vijiji wamlinde anayeitunza.