Michembe na matobolwa

Nomino za wingi zenye asili ya Kisukuma, zitumikazo Mwanza na Shinyanga kwa viazi vitamu vilivyokaushwa juani ili viwe akiba ya miezi ya uhaba. Michembe hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, hivyo sharti ipikwe. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa, nayo huweza kutafunwa makavu. Mfasiri anayeandika "viazi vikavu" kwa maneno yote mawili humficha msomaji kipi bado hakijaiva. Ni heri kuyaacha yalivyo na kuyaeleza mara moja. Kiazi chenyewe kilitoka Amerika ya kitropiki. Majina haya, hata hivyo, ni ya Usukumani.

Upatanisho: michembe imeiva, matobolwa yamekauka.