Mizinga, ng'ombe na bunduki: Watumiaji wa msitu mmoja Tabora wanagawanaje pori?

Toka Kipalapala, nje kidogo ya Tabora mjini, shika uelekeo wa Sikonge. Muda si mrefu utaona miti ya miombo pande zote. Kwa mgeni ni pori tupu. Kwa wenyeji, kila kipande kina mtu anayekitegemea.

Mfuga nyuki ametundika mizinga humo. Mfugaji anapitisha ng'ombe kwenda kwenye maji. Mkulima wa tumbaku anatafuta kuni za kukaushia majani. Mpasua mbao anatafuta mninga. Huko ndani zaidi, mwindaji wa kitalii amelipia kibali cha kuwinda.

Wote wanautaka msitu uleule, na mara nyingi kwa miezi ileile. Makala hii inaeleza ugomvi unatoka wapi, sheria inasemaje, na makubaliano yanayodumu huwa na nini ndani yake.

Kwa ufupi

- Anayeumia kwanza kwenye msitu wa pamoja ni yule mwenye shughuli ya kimya, yaani mfuga nyuki.
- Moto ndiyo chanzo kikubwa cha hasara, kuliko hata wizi.
- Hadhi ya eneo (kijiji, msitu wa hifadhi, pori la akiba, hifadhi ya taifa) ndiyo inayoamua nani aingie.
- Dawa ni tatu: ramani, kalenda na sheria ndogo za kijiji.

Kwa nini Tabora?

Asali na nta za Unyamwezi zina historia ndefu. Zilikuwa bidhaa ya biashara kabla ya uhuru, na Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki Tabora kilianzishwa mwaka 1962. Hadi leo ukitaja Tabora, watu wengi wanataja asali kwanza.

Sababu kubwa ni miti yenyewe. Miombo ina maua mengi yanayopendwa na nyuki. Sababu ya pili watu huisahau: mbung'o. Kwa miaka mingi mbung'o aliwazuia ng'ombe kuingia ndani ya miombo. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha hata watu, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja kwa ajili ya kupambana na malale. Pori likabaki na wanyama, nyuki na warina asali.

Baadaye zikaja dawa za mifugo, miti ikafyekwa kwa ajili ya tumbaku, na wafugaji wakahamia kutoka Usukuma wakitafuta malisho. Msitu uliokuwa na mtumiaji mmoja mkuu sasa una watano.

Ugomvi hauko sawa pande zote

Hili ndilo jambo la kulielewa mapema. Mfuga nyuki akipita msituni, haachi kitu kinachomzuia mwingine. Mizinga iko juu ya miti, nyuki wanatafuta chakula wenyewe, maisha yanaendelea.

Upande wa pili haiko hivyo. Mchungaji akiwasha moto ili nyasi changa zichipue, moto ukimshinda, mizinga ya msimu mzima inateketea kwa mchana mmoja. Mpasua mbao akikata mti wenye mzinga, mzinga unaanguka nao. Mkulima akipuliza dawa shambani mchana, nyuki walioko kwenye maua wanakufa.

Kwa hiyo mtu akisema "tumieni wote, msitu ni wa wote", bila kujua anakuwa amempendelea mwenye shughuli nzito. Pasipo utaratibu, mwenye shughuli ya kimya ndiye anayeondoka.

Tabia hii haiko Tabora peke yake. Kwenye milima ya theluji huko Marekani na Kanada kuna mvutano wa aina hiyohiyo kati ya waendesha pikipiki za theluji na kampuni zinazopeleka wageni kutembea kwa skii. Pikipiki chache zikipita asubuhi, mteremko mzima umeshachorwa na ukimya umekwisha. Wateja wa skii wakipita, mwenye pikipiki hapotezi kitu. Mwaka 2015 idara ya misitu ya Marekani iliweka kanuni kwamba misitu yake yenye theluji ya kutosha ichore ramani kuonyesha pikipiki hizo zinaruhusiwa wapi. Eneo la Vail Pass, jimbo la Colorado, limegawanywa sehemu: kuna za wenye injini, kuna za wasio na injini, na kila anayeingia analipa ada.

Theluji na miombo ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini jibu lilikuwa lilelile: ramani kwanza, maneno baadaye.

Tuwe wa haki: wafuga nyuki nao wana deni

Mzinga wa asili wa gome unatengenezwa kwa kubandua gome la mti kuuzunguka wote. Mti uliobanduliwa hivyo hufa. Wa gogo nao unahitaji kuangusha mti mzima. Ukihesabu mizinga ya kijiji kimoja, hiyo ni miti mingi.

Halafu kuna moto wa urinaji. Mrina asali anayetumia mwenge wa nyasi badala ya bomba la moshi anaweza kuacha cheche chini. Moto kichaa wa msituni hauna mwenyewe. Kesho yake kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Na mizinga ikitundikwa karibu na njia ya ng'ombe au kisima, nyuki wakichokozwa wanaweza kuua ndama, hata kuhatarisha mtoto anayechunga. Malalamiko ya wafugaji kuhusu hilo ni ya kweli.

Sheria inasemaje?

Swali la kwanza si "nani alianza kufika hapa". Swali la kwanza ni: eneo hili lina hadhi gani?

*Ardhi ya kijiji.* Inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia mpango wa matumizi ya ardhi. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, au hifadhi ya nyuki chini ya Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002. Wengi hawajui kwamba hiyo ya pili ipo.

*Msitu wa hifadhi wa serikali.* Unaingia kwa kibali. Sehemu nyingine kuna usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji jirani. Mfano wa karibu ni msitu wa Urumwa, kusini mwa Tabora mjini.

*Eneo la jumuiya ya wanyamapori.* Vijiji vinaunganisha sehemu ya ardhi yao, vinaunda jumuiya, na jumuiya inaingia mikataba na wawekezaji, wakiwemo wa uwindaji. Tabora kuna Ipole (Sikonge) na Uyumbu (Urambo). Humo ufugaji nyuki na uwindaji vinaweza kukaa pamoja, kila kimoja na ukanda wake.

*Pori la akiba.* Uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwenye vitalu vilivyotengwa. Shughuli nyingine ni kwa kibali tu.

*Hifadhi ya taifa.* Hakuna uwindaji, hakuna mizinga, hakuna malisho. Ni utalii wa kutazama na utafiti.

Somo la Ugalla na Kigosi

Ugalla lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960. Kwa miaka mingi wafuga nyuki na wavuvi wa vijiji jirani waliingia kwa vibali na kwa msimu, huku kampuni za uwindaji zikiwa na vitalu vyao humohumo. Haikuwa rahisi. Mwindaji aliyelipa fedha nyingi hataki kusikia shoka wala kuona moshi wa kambi. Mrina asali naye hataki kukutana na risasi. Lakini utaratibu ulikuwepo.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Ugalla ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Kigosi, ambayo nayo ilikuwa pori la akiba, ikapandishwa mwaka huohuo. Kwa uhifadhi wa wanyama ilikuwa hatua kubwa. Kwa mtu mwenye mizinga ndani, maana yake ilikuwa moja: toka.

Kigosi ikachukua mkondo mwingine. Baadaye Bunge liliridhia ivuliwe hadhi ya hifadhi ya taifa na irudi kuwa hifadhi ya msitu, ambako ufugaji nyuki unaweza kufanyika kwa kibali. Ugalla imebaki hifadhi ya taifa.

Somo hapa ni kwamba kugawana pori hakuamuliwi msituni peke yake. Mabadiliko ya hadhi yanaweza kufuta makubaliano ya miaka kwa siku moja. Ukisikia mjadala wa hadhi ya eneo lako umeanza, nenda kwenye mkutano, kwa sababu baada ya tangazo kutoka nafasi ya kusikilizwa inakuwa ndogo.

Njia ya misafara nayo iligawanwa

Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji na kaskazini hadi Buganda. Maelfu ya wapagazi walipita, wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala kwenye ardhi ya watu. Utaratibu wake uliitwa hongo: ushuru ambao msafara ulilipa kwa mtemi ili upite kwa amani. Siku hizi neno hilo lina maana mbaya, lakini wakati ule lilikuwa bei ya kupita inayojulikana.

Mwaka 1871 uhusiano kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe ulivunjika, vita ikaanza, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ikafungwa. Bidhaa zikakwama, misafara ikazunguka mbali. Makubaliano yakionekana ya upande mmoja, hasara hailipwi na upande mmoja.

Kalenda ya msitu

Ukiiangalia miezi vizuri, utaona mgongano mwingi unaweza kukwepeka.

- Novemba hadi Aprili: mvua. Maji yapo kila mahali, ng'ombe hawana haja ya kuingia ndani ya miombo.
- Mei hadi Julai: msimu mkubwa wa asali. Watu wanakuwa kambini. Nyasi zinaanza kukauka.
- Julai hadi Oktoba: kiangazi kikali. Uwindaji wa kitalii unaendelea, ng'ombe wanafuata maji ya mbugani na mitoni, moto ni hatari zaidi.
- Septemba na Oktoba: miombo mingi inachipua na kutoa maua. Moto wa wakati huu unaua msimu unaofuata wa asali.
- Novemba na Desemba: msimu mdogo wa asali.

Kwa hiyo miezi ya kukaa mezani ni ya mvua, kabla watu hawajatawanyika msituni.

Makubaliano yanayodumu yana nini?

1. Ramani ambayo kila mtu anaielewa. Manzuki ziko wapi, njia za mifugo zipite wapi, maji ya nani ni yapi. Ianzie kwa kutembea eneo lenyewe, siyo ofisini.

2. Njia ya ng'ombe kwenda maji. Ukimzuia mfugaji bila kumwonyesha njia nyingine, atapita usiku.

3. Kuchoma mapema. Nyasi zichomwe kwa mpango wakati bado zina unyevu, siyo Septemba. Kila manzuki iwe na barabara ya kuzuia moto kuizunguka.

4. Orodha ya kambi. Nani yuko wapi, mpaka lini, namba yake ya simu. Mwindaji na askari wa wanyamapori wawe nayo. Hii inaokoa maisha.

5. Vifaa bora. Mizinga ya mbao za mashamba ya miti badala ya magome, na bomba la moshi badala ya mwenge.

6. Fidia iliyoandikwa kabla ya tukio. Mzinga mtupu bei gani, wenye asali bei gani, ndama aliyeumwa bei gani. Ukisubiri mpaka hasara itokee, kila mtu atataja bei ya hasira.

7. Sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Bila hapo, makubaliano ni maneno tu.

Vijiji vinavyopakana vinaweza pia kuwa na mpango mmoja. Wilayani Kiteto, vijiji kadhaa viliunganisha eneo la malisho kwa jina la OLENGAPA, lenye herufi za majina ya vijiji hivyo. Pale lengo lilikuwa malisho, lakini njia hiyohiyo inaweza kutumika kwa msitu wa nyuki unaovuka mipaka ya vijiji.

Ukipata hasara, unaanzia wapi?

Piga picha kabla hujagusa kitu. Hesabu mizinga mbele ya shahidi. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo.

Kama ugomvi ni wa mpaka au matumizi ya ardhi, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Kama mtu amechoma mizinga au ameiba asali kwa makusudi, hilo ni kosa la jinai, ni la polisi.

Na usijichukulie sheria mkononi. Mzinga unaweza kutundikwa upya msimu ujao. Damu ikimwagika, hakuna baraza la kijiji litakalowarudisha watu mezani upesi.