Njia Panda ya Kisian

Ukitoka Kisumu kwa matatu ya Busia, barabara inagawanyika Kisian. Mkono wa kushoto unaelekea Asembo na Bondo. Mkono wa kulia unapanda mlima hadi Maseno, ambako mwaka 1906 wamishonari Waanglikana chini ya J. J. Willis walifungua shule.

Miaka hiyohiyo sosholojia ilikuwa inazaliwa Ulaya, na dini ndiyo iliyowashughulisha waasisi wake. Max Weber aliandika kuhusu Uprotestanti na ubepari mwaka 1904 na 1905. Mwaka 1912 Émile Durkheim akatoa kitabu kuhusu dini za wenyeji wa Australia, nchi ambayo hakuikanyaga. Wafuasi wao wakahitimisha kwamba shule, viwanda na sayansi vikiingia, dini hunywea.

Upande wa kushoto wa njia panda, mambo yalienda kinyume. Yohana Owalo, mzaliwa wa Asembo, alipita kwa Wakatoliki, kwa Waanglikana na kwa Waislamu. Mwaka 1907 alisema amepata maono, na baadaye akaanzisha Nomiya, inayohesabiwa kuwa kanisa la kwanza la Kenya lisilo chini ya wamishonari. Wajaluo, watu wake, hawakuwa na jando. Yeye akaagiza tohara. Alikuwa msomi kwa kipimo cha siku zake, na usomi huo ndio uliompa ujasiri wa kubishana na wazungu.

Biblia nzima ilitoka kwa Kijaluo mwaka 1953. Miaka minne baadaye, Matthew Ajuoga na wenzake, waliojulikana kama Johera, walijitenga na Waanglikana. F. B. Welbourn na mwanahistoria Bethwell Ogot, mwana wa Gem, waliandika kitabu kilichowahusu mwaka 1966.

Halafu ukaja mwaka 1968. Marekani, mwanasosholojia Peter Berger alitabiri kwamba kufikia karne ya 21 waumini watabaki vikundi vidogo vilivyojibanza pembeni. Mwaka uleule David Barrett, kasisi Mwingereza aliyefanya kazi Nyanza, alichapisha uchunguzi wa mavuguvugu ya dini yapatayo 6,000 barani Afrika. Kwake, maandiko katika lugha ya mama yalikuwa miongoni mwa sababu kuu za makanisa kugawanyika: watu walijisomea, wakalinganisha na mahubiri, wakaondoka. Kwa maoni yangu, aliyeona mbali ni huyu kasisi aliyehesabu makanisa. Berger mwenyewe aliufuta utabiri wake mwaka 1999.

Leo Kisian ina kituo kikubwa cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na barabara hiyohiyo hupitwa na waumini wa makanisa ya Roho wenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, ngoma zikirindima. Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya wasio na dini hawafiki asilimia 2. Walimu wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Maseno, mwanzisheni mwanafunzi na Owalo. Durkheim anaweza kusubiri muhula wa pili.